Kichujio kimoja hakitanasa gesi zote
Ndugu, umeuliza kama kichujio chenye madini ya fedha kinatosha kunasa gesi zote zinazotoka mafuta ya nyuklia yaliyotumika yanapokatwa na kuyeyushwa katika asidi ya nitriki. Hakitoshi. Fedha hushika iodini, na ningekushauri uanzie hapo, kwa kuwa nusu-maisha (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ya iodini-129, aina ya iodini yenye mionzi, ni takriban miaka milioni 16. Ila punguza kwanza oksidi za nitrojeni na unyevu, ambavyo hudhoofisha kichujio mapema. Kriptoni-85, gesi nyingine yenye mionzi, karibu haiungani na kitu chochote, hivyo hutenganishwa kwa baridi kali. Kiwanda cha La Hague, Ufaransa, kinachochakata mafuta hayo, huiachia kriptoni hiyo hewani. Katika majaribio yako tumia iodini isiyo na mionzi pekee, mbele ya msimamizi wa maabara, kwani mvuke wake nao hudhuru mapafu.