Chanzo cha mionzi: hupandikizwa au huingizwa?

"Maalim, shikamoo. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, na sasa anatakiwa apate mionzi ya ndani. Kijana wetu katufasiria karatasi ya Kiingereza: 'Chanzo cha mionzi kitapandikizwa mwilini.' Mama kagoma kwenda, anasema hataki kuwarudia wajukuu na mionzi. Je, kupandikiza ndilo neno lake?" (Msomaji, Wete, Pemba)

Marahaba, mwanangu. Mama amelisikia neno kama linavyosema. Pemba nani asiyejua kupandikiza? Mche wa mkarafuu ukishatolewa kitaluni ukapandikizwa shambani, umekwenda kukaa. Mpunga wa bondeni vilevile. Kilichopandikizwa hatusemi kimetolewa, husema kimeng'olewa.

Sasa tazama tiba yenyewe. Siku hizi, kwa saratani hiyo, aghlabu chanzo ni kipande kidogo cha iridiamu-192 kwenye ncha ya waya. Daktari hutangulia kuweka mirija mitupu, kisha mashine hukipeleka chanzo ndani ya mirija hiyo, kikakaa dakika chache, kikarudi kwenye kasha lake. Mirija nayo hutolewa. Mgonjwa huondoka hana mionzi mwilini, na wajukuu hawana cha kuogopa wakipakatwa naye.

Kwa kitu cha namna hiyo nasema "huingizwa" na "hutolewa". Wanawake wetu wameshatuonesha njia: kijiti cha uzazi wa mpango hukaa chini ya ngozi ya mkono miaka 3 au 5, na bado wao husema kuweka kijiti, kutoa kijiti, kwa sababu wanajua kitatoka. "Chomeka" nayo ina mwenziwe "chomoa", lakini siipendi kwa mwili wa mtu. Ni maneno ya waya na ukuta.

Kupandikiza tukuache kwa kinachobaki. Betri ya moyo hupandikizwa, na mtu wa mwanzo kutiwa alikuwa Uswidi, mwaka 1958. Ziko pia punje za iodini-125, nazo ni vyanzo vya mionzi, ndogo kuliko punje za mchele, zinazopandikizwa kwenye tezi dume zikaachwa humo humo. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 60 hivi, na mgonjwa huyo ndiye huambiwa asipakate watoto kwa muda.

Tena, mwanangu, mionzi yenyewe haiwekwi. Huwekwa chanzo, mionzi ikatoka humo. Ukiitoa taa chumbani, mwanga haubaki ukutani.

Muulizeni daktari kama njia yake ni hiyo ya dakika chache, na mama atakwenda mara ngapi. Akisema ndiyo, futeni sentensi ya kijana, mumsomee mama hii: "Chanzo cha mionzi kitaingizwa kwa dakika chache, kisha kitatolewa."