Duka Kubwa Likikupigia Simu, Kwanza Angalia Magoti

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbale kaniandikia inbox. Anawashonea bukta wasichana wanaocheza raga, wale ambao wakipita mtaani wazee wanauliza hawa ni watoto wa nani, na sasa duka moja kubwa la Kampala limemwomba pea 300. "Kaka nikubali? Wewe ulishapitia." Ndiyo nilipitia, na nilitaka kumjibu mistari miwili tu nikajikuta naandika mpaka saa nane usiku, basi bora na nyinyi msome, maana najua wengi wenu humu mna cherehani chumbani na hamu ya kuona nguo yenu imening'inia kwenye dirisha la duka la watu.

Mimi mtoto wa Bombo, kambi ya jeshi, ndiyo maana Kiswahili hiki. Mzee wangu alikuwa anarekebisha sare za wanajeshi na kitu alichonifundisha ni goti. Suruali inafia gotini, alisema, kwa hiyo unaweka kitambaa cha pili kwa ndani, unakishona pembeni mistari miwili, halafu unapitisha mshono wa msalaba katikati ili kisitembee. Basi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mitindo.

Nilipohamia Kampala nikapanga chumba karibu na Kitintale, kule vijana walikojijengea kwa mikono yao uwanja wa saruji wa sketi, siyo nguo, ule ubao wa magurudumu, nikawa napita jioni kuwaangalia. Wakati ule kijana akionekana na ubao wa sketi anaitwa muyaaye moja kwa moja, hana kazi huyo. Mimi nilichokiona ni magoti. Kila mmoja suruali imechanika palepale. Nikadamkia soko la Owino, nikanunua jinzi za mivumba, yaani mitumba, zilizochoka ambazo hakuna anayezitaka, nikakata vipande, nikavishona ndani ya suruali za kaki. Kumi na mbili za kwanza niliuza 25,000, nusu yake mkopo, na mmoja alinilipa kwa kunitengenezea simu.

Nembo alichora dogo mmoja pale uwanjani, nyuma ya risiti ya vitambaa vyangu, dakika kumi hazikufika. Nikampa 20,000 na rolex, ile chapati ya kuviringisha, ya mayai mawili. Nilijiona mtu mkarimu kweli. Baadaye nikasoma kwamba Carolyn Davidson, mwanafunzi aliyechora ile alama ya Nike mwaka 1971, alilipwa dola 35, na mwaka 1983 kampuni ikamwita ikampa pete yenye alama hiyo na hisa juu yake. Miaka 12 walichelewa. Mimi huu mwaka wa saba na dogo sijampa hata soksi.

Basi mambo yakaenda (hapa naruka miaka miwili ya kukosa kodi, haina utamu) mpaka msanii mmoja akavaa suruali yangu kwenye video, simu haikulala. Watu ambao hawajawahi kukanyaga ubao wa sketi, mabwana wa benki, dada zao, wote wanataka. Sitadanganya, nilifurahi. Nilimpigia mama Bombo nikamwambia washa TV. Halafu duka likaja: pea 400, wananunua kwangu 38,000 wanauza 95,000, mzigo ndani ya siku 21, malipo baada ya siku 60. Nikasaini bila kusoma mara ya pili.

Nikampelekea kazi fundi wangu, mama mmoja wa Kisenyi, mikono yake ni ya dhahabu. Akapiga hesabu. Akasema kwa siku 21 magoti ya vitambaa viwili hayawezekani, labda tuweke kitambaa kimoja, mishono ipite juu juu ionekane kama ipo. Nikasita. Akacheka, "Ssebo, hao watu wa dukani wanapiga goti wapi? Labda kanisani." Na mimi nikacheka. Tukakata zote kwenye jora moja, za duka na za vijana, maana nani ana muda wa kutenganisha.

Mwezi haukuisha, yule dogo wa nembo akaja nyumbani anachechemea. Goti limechubuka, vumbi la saruji limegandia kwenye damu. Hakupiga kelele. Aliingiza kidole kwenye tundu la suruali akakizungusha, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni, akasema, "Kaka, ndani hamna kitu."

Ndiyo hivyo tu. Hakurudi.

Watu wanapenda kusema chapa ya mtaani ikipendwa na kila mtu imekufa. Mimi sikubali. Angalieni Vans, wale wa viatu. Walianza 1966 kule Anaheim, California, soli nene ya mpira, vijana wa sketi wakaipenda kwa sababu inashika ubao. Kijana wa sketi anamaliza kiatu kimoja kabla ya kingine kwa sababu mguu mmoja ndio unaoburuzwa, basi duka lao lilikuwa tayari kumuuzia kimoja peke yake. Kimoja! Nani hapa Kampala atakuuzia kiatu kimoja? Mwaka 1976 wakatoa kiatu chenye shingo laini kwa mawazo ya waendeshaji wenyewe, Tony Alva na Stacy Peralta. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 80 wakataka kuwa kila kitu, viatu vya mbio, vya kikapu, vya mieleka, hela ikakauka, 1984 wakafilisika. Wakainuka tena, na 2004 kampuni kubwa ya VF ikawanunua. Hiyohiyo VF mwaka 2020 ikanunua Supreme, chapa ya nguo ya vijana wa sketi wa New York, kwa dola bilioni 2.1, na 2024 ikaiuza kwa bilioni 1.5. Mtu amelipa bilioni mbili na ushee kununua heshima ya mtaani, na bado imemtoka mkononi.

Kwa hiyo dada yangu, shida siyo duka. Uza, hela siyo dhambi. Lakini bukta zako wasichana wanazipenda kwa sababu gani? Mshono wa paja hauachii wakikabwa, sivyo? Huo mshono usiuguse. Wakikwambia siku 21 sema 60, wakikataa waache waende. Dai nusu ya hela mkononi kabla ya kununua hata uzi. Na wasichana wako wapate zao kwanza, kwa bei yao ya zamani, kabla ya duka kupata hata moja. Vijana mna haraka sana siku hizi, mnataka picha dirishani mpost, mnasahau nani alivaa nguo yenu wakati watu wanaicheka. Nasema mshono usiuguse, nimesema, narudia tena.

Maana duka halikuagiza mara ya pili. Hela ya kwanza ilikuja baada ya miezi mitano, vipandevipande. Na wakati nasubiri, feki zikajaa mjini kwa 30,000. Nilinunua moja kwa hasira nikaipasua gotini nione. Kitambaa kimoja, mishono juu. Sawasawa na yangu.

Sasa hivi nashona pea nane kwa wiki, magoti ya vitambaa viwili, msalaba katikati, nashona mwenyewe. Jumapili nilimtumia dogo picha ya moja, saizi yake, nikamwambia kuna na hela ya nembo. Tiki za buluu zimetokea, jibu bado.

Dada wa Mbale, ukija Kampala nipigie nikupeleke kwa yule mama wa Kisenyi, hana mpinzani. Ila ukae naye mpaka pea ya mwisho. Na akianza kuchekesha, usicheke.