Viwavi wanajaa mwaka huu, kesho hawapo: wanaendaga wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nyuma ya nyumba yetu kuna miti, mwaka juzi ililiwa na viwavi ikabaki fito tupu, usiku kukitulia unasikia mavi yao yanadondoka kwenye majani makavu. Mwaka jana wakawa kidogo tu tena wanyonge, mwaka huu hata mmoja sijamuona na hakuna aliyepiga dawa. Babu anasema hao wana zamu, watarudi. Ni kweli au stori za wazee? Na wanaendaga wapi?
Msomaji, Misungwi

JIBU: Mpe babu shikamoo yangu, kwa viwavi wa miti hajakosea sana. Ila hawaendi popote ndugu yangu, wanakufa.

Chukua hesabu ya mfano, nondo jike (kiwavi akishakua ndo anakuwa nondo, yule mdudu wa usiku mwenye mabawa) anataga mayai 200, wakipona wawili tu mpaka ukubwani idadi inabaki palepale, lakini wakipona 10 inapanda mara 5 kila kizazi, vizazi vinne tu umefika mara 625. Ndo maana inaonekana kama wameshuka ghafla kumbe walikuwa wanaongezeka kimyakimya na wewe huangalii juu. Maadui zao nao wanaongezeka ila kwa kuchelewa, maana mpaka wapate chakula kwanza ndo wazaane, na hapo kwenye kuchelewa ndo siri yote ilipo.

Mwaka jana ungewasogelea ungekuta wengine wananing'inia kichwa chini kwenye kijiti wamelegea, ukigusa ngozi inapasuka yanatoka maji ya kahawia. Huyo kauliwa na virusi, na hayo maji yanadondokea majani ya chini ambayo mwenzake anakuja kuyala, sasa wakiwa wachache ugonjwa hauna pa kupita ila wakibanana unasambaa fasta. Wengine utawakuta na vitu vyeupe mgongoni kama punje za mchele, watu wanasema ni mayai, jamani kiwavi hatagi, anayetaga ni nondo. Hivyo ni vifuko vya nyigu wadogo sana ambao mama yao aliwataga ndani ya kiwavi, wakamla akiwa mzima wakatoka nje. Viwavi wakishaanza kupungua hao nyigu bado ni wengi kwa hiyo wanawashusha mpaka chini kabisa, halafu na wao wanakosa chakula wanaisha, na zamu inaanza upya.

Kuna misitu hiyo zamu imepimwa. Kanada kuna kiwavi wa msituni anayelipuka takriban kila miaka 10. Uswisi, kwenye milima ya Alps, kuna nondo wa miti ya lachi ambaye pete za ndani ya miti (kila mwaka mti unaongeza moja) zinaonyesha alikuwa anarudi kila miaka 8 hadi 10 kwa zaidi ya miaka 1,000, na kule mti wenyewe unachangia, ukishaliwa majani yanayofuata yanakuwa mafupi, magumu, hayana lishe. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 ile milipuko ikakatika, wataalamu wakahusisha na joto kuongezeka, mpaka 2017 na 2018 ndo wakajaa tena. Kwa hiyo babu asiweke tarehe.

Na asichanganye na viwavijeshi wa mahindi na mtama, hao hawana zamu, wana mvua. Nondo wao wanasafiri usiku na upepo, mvua za kwanza zinawakusanya sehemu moja wanataga, hasa mvua zikija baada ya ukame. Wakiwa wachache wana rangi ya kijani, wakibanana wanakuwa weusi. Hao usiwasubirie nyigu, muite afisa ugani wakiwa bado wadogo maana sehemu kubwa ya shamba wanaimaliza siku zao za mwisho. Miti yako wewe iache, ukipiga sumu unaua na nyigu, na mti mkubwa wenye afya unachipua tena.

SWALI: Na wale vijidudu vya ziwani wanaopaa kama moshi, nao ni hivyohivyo?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hapana dada, wale siyo nondo wala hawasubiri maadui. Wanakua majini, na wengi wao wanatoka kwa kufuata mwezi, siku za karibu na mwezi mwandamo ndo wanajaa. Hawaumi. Zima taa ya nje na funika chakula.