Mumeo hajifanyi, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Miezi 14 iliyopita mume wangu alianguka na bodaboda pale Makupa, bila helmeti. Alilala hospitalini siku tisa hana fahamu. Alhamdulillahi akapona, hata kovu halionekani. Lakini amekuwa mtu mwingine. Leo ataswali Adhuhuri mara mbili, kesho haswali kabisa. Ijumaa hataki msikiti. Hufoka kwa jambo dogo. Juzi maziwa yaliungua naye amekaa papo hapo jikoni! Najifukiza udi, navaa asumini, haniambii neno. Mavyaa anamtetea, amembandikia makaratasi ukutani kama mtoto wa chekechea. Naona anajifanya ili asirudi kazini. Mwenzangu mmoja kazini ndiye anayenielewa. Nidai talaka?*
*Mke, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na pole. Umechoka, na kuchoka si dhambi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona shahidi wa mumeo ni wewe mwenyewe. Maziwa yanaungua, yeye yupo. Udi unafuka, yeye kimya. Hukuyaunganisha hayo mawili? Leo mwambie afumbe macho, umsogezee buni iliyokaangwa puani, umuulize ni nini. Nyuzi za kunusia hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua. Kichwa kikigonga chini, ubongo huyumba ndani ya fuvu na nyuzi zile hukatika, na wengi hawarudiwi na harufu tena. Kwa hivyo wewe umekaa mwaka mzima na donge kwamba hakutamani, na yeye huenda amekaa na huzuni kwamba hata pilau limepoteza ladha, asijue aseme vipi. Gesi ifunge wewe, maana ikivuja yeye hatajua.

Na hasira? Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ndio unaomzuia mtu asitamke kila linalomjia, na ndio unaomwinua aanze kazi. Ukiumia, mtu hukaa tu mpaka aambiwe, na ukimwambia mambo matatu kwa mpigo huwaka. Ukitazama kwa nje utasema uvivu. Mrudishe kliniki, na daktari umweleze hasira, usahaulifu na usingizi, si maumivu ya kichwa peke yake. Lakini siku atakayokuinulia mkono, chukua watoto uende kwa mavyaa siku hiyo hiyo.

Huyo mavyaa nampa kongole. Makaratasi yale ndiyo kumbukumbu ya mwanawe sasa. Wewe waona chekechea, mimi naona mama aliyemwelewa mgonjwa kabla ya mke. Yaache ukutani, uongeze la saa za swala, atie alama kila akimaliza.

Ijumaa usimlazimishe. Vipaza sauti, feni, mamia ya watu: ubongo uliojeruhiwa hauwezi kuchuja kelele hizo. Na mgonjwa Ijumaa haimlazimu, ataswali Adhuhuri nyumbani. Akitilia shaka hesabu ya rakaa, ashike ile chache aliyo na yakini nayo, akamilishe, kisha asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Swala iliyompita kwa kusahau ataiswali akikumbuka. Dini imemwekea msahaulifu nafasi yake zamani. Wewe ndiye unayemwandikia makosa.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Harusi siku tatu, kupamba, hina, picha mpaka ufukweni, na hakuna anayemkalisha bi harusi akamuuliza: akianguka je? Wazee waliposema hujafa hujaumbika walikuwa wakiwaambia wazima, wewe ukiwemo.

Huyo mwenzako wa kazini umemtaja kwa sentensi moja, na ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Anakuelewa kwa sababu anasikia upande mmoja. Acha kumpelekea mambo ya nyumba yako, tangu leo. Mlango wa kadhi uko wazi, sikuzuii. Ila usisimame mbele yake useme mume wangu anajifanya, maana utakuwa umesema uongo.

Kwanza fanya hili. Kesho Alfajiri simama nyuma yake, akuswalishe. Akisahau akainuka kwenda rakaa ya tatu, mwanamke hasemi kitu, hupiga kofi: kiganja juu ya mgongo wa mkono. Atasikia, na atakaa.