Kutoka otomatiki kwenda manuali: propela shafti ya GX100

Mkuu, umeuliza kama Toyota Mark II yako ya GX100 yenye injini ya 1G-FE, ukishang'oa giaboksi ya otomatiki na kufunga W55, yaani giaboksi ya manuali, itabaki na propela shafti yake (lile bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma) au utafute nyingine, na kama ni nyingine, ya gari gani. Kazi hiyo niliifanya kwenye Chaser ya bodi hiyohiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana nawaona wengi wanaambiwa "chukua ya JZX tu", yaani ya ndugu yake yenye injini ya JZ, halafu gari linatetemeka mpaka wanachoka nalo.

Shafti hainunuliwi kwa jina la gari. Inanunuliwa mwisho kabisa, giaboksi ikiwa imeshafungwa na mauntingi (vishikizo vyake vya raba) nzima na difu iko mahali pake. Giaboksi za W zilifungwa kwenye magari mengi ya Toyota, na mikia yake haifanani. Ukinunua shafti kabla ya kupima, umenunua bomba tu.

Anza na yoki ya mbele, ile inayoingia kwenye mkia wa giaboksi. Meno yake yalingane na ya giaboksi kwa idadi na kwa kipenyo, na unene wake wa nje ukae sawasawa na oili sili, la sivyo oili ya giaboksi itavuja kila siku. Iteleze kwa mkono bila kugongwa na bila kuchezacheza. Ushauri wangu: ukinunua giaboksi ya mtumba, usiondoke dukani bila yoki iliyokuja nayo, hata kama shafti yenyewe imekatwa.

Urefu pima gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Sukuma yoki ndani mpaka igote, kisha irudishe nje milimita 20 hadi 25. Hapo ndipo pa kupimia. Difu ya GX100 imefungwa kwenye sabfremu, haipandi na kushuka pamoja na magurudumu kama ya Hilux, kwa hiyo yoki haisafiri sana. Lakini raba za mauntingi zinacheza, na yoki iliyogota inaisukuma giaboksi kila ukitoa gia kwa nguvu.

Sasa kuna fundi atakuambia utupe shafti ya vipande viwili utengeneze kimoja kirefu, senta bearing, ile beringi inayoishika shafti katikati, isikusumbue tena. Mkatalie. Ukiwa 120 kwa saa na tairi za 195/65 R15, gurudumu linazunguka kama mara 1,030 kwa dakika. Difu ikiwa ya uwiano wa 4.1, yaani shafti huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, shafti inazunguka zaidi ya mara 4,200. Bomba la chuma la milimita 76 lenye urefu wa mita moja na nusu huanza kupinda lenyewe kwenye mizunguko kama 5,400, na kwa usalama halipaswi kuvuka robo tatu ya hapo, yaani kama 4,000. Bomba hilo likishapinda kwa kasi hiyo linaweza kupasua sakafu ya gari. Toyota waliligawa kwa sababu.

Nilichofanya mimi, na ndicho ninachokushauri: bakiza nusu ya nyuma, maana flanji yake (sahani ya kufungia bolti) tayari inakubaliana na difu yako, kisha rekebisha nusu ya mbele peke yake. Kabla ya kufungua bolti, piga alama ya rangi kwenye flanji zote ili zirudi zilivyokuwa. Ikibidi kukata, bomba likatwe kwenye mashine ya kukereza, pale lilipochomelewa mwisho wake, yoki irudishwe na kuchomelewa upya. Kama ni kurefusha, weka bomba zima jipya la kipenyo na unene uleule. Kiraka cha katikati usikubali, hata fundi awe hodari namna gani. Pale Gerezani, Dar es Salaam, wapo wakerezaji wazuri. Muulize kwanza kama atapima mpindo kwa saa ya kupimia na kama ana mahali pa kufanyia balansi. Mpindo ukizidi nusu milimita, irudie.

Krosi zote, yaani viungo vinavyojikunja kwenye shafti, zikae kwenye mstari uleule zilivyotoka kiwandani. Hili mafundi wengi wanalipuuza, na jino moja la kosa linatosha kuleta mtetemo ambao balansi haiwezi kuuondoa. Pembe ya giaboksi na ya difu ziwe sambamba, kila krosi ibaki na nyuzi 1 hadi 3. Ikizidi, ongeza au punguza washa kwenye krosimemba (kile chuma cha chini kinachobeba giaboksi) na kwenye senta bearing.

Ukilijaribu barabarani likatetemeka, weka nyutro ukiwa kwenye kasi ileile. Mtetemo ukibaki, injini haihusiki: angalia shafti na tairi. Ukitokea wakati wa kuondoka tu kisha ukapotea, anza na senta bearing na pembe.

Ukishapima, weka hapa urefu kutoka mdomo wa giaboksi hadi senta bearing, pamoja na picha ya yoki na ya flanji ya difu. Nitalinganisha na vipimo vya Chaser yangu.