Maswali na majibu: bwawa la nyumbani, barafu na masika

Swali la kwanza limenichekesha kidogo, maana nalijibu hapa Tanga shati likiwa limelowa jasho. Lakini watoto wetu wametawanyika duniani, na shida zao hurudi kwa simu.

*Assalaam alaykum fundi. Mwanangu yuko Dallas, Marekani, na nyumba aliyopanga ina bwawa la kuogelea. Ameambiwa baridi itashuka chini ya sifuri, naye anataka kumwaga maji yote. Je, ni sawa?* (Mama, Chumbageni)

Wa alaykum salaam, dada. Mwambie asimwage. Kinachopasuka mara nyingi si bwawa, ni mabomba, pampu na chujio. Wewe bila shaka umewahi kugandisha barafu za ukwaju: mfuko ukiujaza pomoni na kuukaza fundo, asubuhi unaukuta kwenye friza umechanika. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9. Mfuko hujivutavuta kidogo. Bomba gumu na tumbo la pampu havina subira hiyo.

Umeme ukiwepo, aiache pampu ifanye kazi usiku na mchana mpaka baridi ipite, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Kasheshe ni umeme ukikatika, kama ilivyotokea kwao Texas Februari 2021, mamilioni ya watu wakakaa gizani katikati ya baridi kali. Hapo kwanza azime swichi ya pampu, umeme usije ukarudi ghafla ikazunguka kavu. Kisha afungue vizibo vya chini vya pampu, chujio na hita, maji yatoke yote. Vizibo avitie ndani ya kikapu cha pampu. Nasisitiza hilo kwa kuwa kizibo kilichoangukia kwenye majani hakionekani tena.

Akikuta vyombo vimeshaganda, asiwashe chochote. Asubiri barafu iyeyuke yenyewe, akague nyufa, ndiyo awashe.

*Fundi, nimesikia maji ya chumvi hayagandi. Si mtu aongeze chumvi tu bwawani? Au amimine ile dawa ya rejeta ya gari?* (Kijana, Pongwe)

Hata bahari huganda, mwanangu, ila inasubiri mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Na bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, wakati bwawa la chumvi lina kama gramu 3 tu. Hiyo haizuii kitu. Dawa ya rejeta asiguse, ni sumu; ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya bwawa.

*Nyumba yangu iko Raskazone na masika yote nitakuwa safarini. Nilikaushe bwawa nisifuge mbu?*

Usithubutu! Baridi yetu sisi ndiyo hii. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, maji ya ardhini hupanda, na bwawa tupu lililozungukwa na maji hugeuka ngalawa. Linanyanyuka. Nimewahi kuona moja lililoinua ukingo wake kiasi cha shibiri moja, vigae vimekatika mstari mzima, na mwenyewe kasimama pembeni akiniuliza kama tunaweza kulikandamiza lirudi. Haliwezekani hilo. Maji yaliyo ndani ndiyo uzito unaolishikilia.

Kwa mbu, mwachie mtu funguo. Yai la mbu huchukua kama siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka, basi pampu izungushwe kila siku na klorini isikosekane, miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Mvua kubwa huizimua, kwa hiyo apime baada ya kila mvua nzito, na maji yakizidi nusu ya mdomo wa kichotea-takataka (lile tundu la ukutani linalovuta uchafu unaoelea) ayapunguze. Asidi na klorini asivichanganye kamwe, hata ndoo asitumie moja. Moshi wake unaua.

*Pampu yangu inashika kutu kila mwaka, tuko karibu na bahari. Niifunike kwa nailoni?*

Hapana, nailoni inafungia unyevu wa chumvi ndani. Ijengee kibanda cha makuti chenye kupitisha upepo, na kila wiki izime uipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba. Mota usiipigie mpira wa maji.