Risiti kuruka namba haimaanishi kuna aliyefuta

Dada yangu, usimshuku kijana wako wa pale soko la samaki Deep Sea, Tanga, eti kwa kuwa risiti zimetoka 214 zikaingia 216. MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza mauzo na kutoa namba hizo, huweka kaunta (kihesabu cha namba) ya jedwali kando na rekodi zenyewe. Muuzaji akiingiza mauzo, kaunta inatoa 215 papo hapo. Muamala (hatua za kuhifadhi mauzo, zinazokamilika zote au zinafutwa zote) ukikatika, rekodi inaondolewa lakini namba hairudi. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, nayo ni hivyo hivyo. Namba zingekuwa zinarudishwa, kila muuzaji angelazimika kumsubiri mwenzake amalize kwanza, na saa ya mnada hilo halivumiliki kabisa.

Ufunguo msingi, yaani hiyo namba ya kaunta inayotambulisha kila rekodi, uache uwe kitambulisho tu. Namba ya risiti isiyotakiwa kuruka ipe safu yake kwenye jedwali, uitoe ndani ya muamala uleule wa mauzo, japo hapo foleni kidogo utaikubali.

Ila nakuomba sana, usitafute namba mpya kwa kuchukua iliyo kubwa kuliko zote ukaongeza moja. Wawili wakibonyeza pamoja, wote watapata namba ileile. Ukishaingiza rekodi soma LAST_INSERT_ID(), amri ya MySQL: inakupa namba ya kaunta iliyotolewa kwa muunganisho wako na hifadhidata, si ya mwenzako.